Vitabu vya Biashara kwa Muislamu Anayeanza: Kipi Kitangulie na Kipi Kisomwe kwa Tahadhari

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na aali zake na Maswahaba zake wote.

Swali tunaloulizwa mara kwa mara na vijana wa kiume na wa kike wanaotaka kujitegemea ni hili: ni vitabu gani vya biashara vinavyofaa kusomwa? Na je, inajuzu kwa Muislamu kuvifuata vitabu vya biashara vilivyoandikwa na wasio Waislamu?

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Anayeliuliza aghalabu ana mtaji mdogo mkononi: akiba ya mshahara, fungu alilopewa na mama yake, sehemu ya kiinua mgongo cha baba, au mchango wa ndugu. Ushauri atakaoufuata ndio utakaoamua fedha hiyo itakwenda wapi. Wapo walioingia sokoni kwa nia safi kabisa, wakafuata walichosoma au walichosikia kwa wahamasishaji, kisha wakajikuta ndani ya mikopo ambayo watu wa Tanzania wenyewe wameipa jina la "kausha damu". Jina hilo linatosha kueleza hali ya aliyemo ndani yake.

Jibu letu kwa mkato ni kwamba kusoma vitabu hivyo kunajuzu, na vingi vina manufaa. Lakini kuna utaratibu. Muislamu anatanguliza elimu ya mauziano, yaani halali na haramu ya soko, kisha anasoma vitabu vya ujuzi akiwa na elimu hiyo. Akianza na vya ujuzi peke yake, atameza mambo ambayo hata hatajua kuwa ameyameza. Tunaeleza hapa chini, inshaAllah.

Hukumu ya kusoma vitabu vya wasio Waislamu

Asili ya mambo ya kidunia yasiyopingana na sheria ni kuruhusiwa. Katika safari ya Hijra, Mtume (s.a.w.) na Abu Bakr (r.a.) walimkodi Abdullah bin Urayqit awaongoze njia. Mtu huyo hakuwa Muislamu wakati huo, lakini alikuwa hodari wa kujua njia na wakamwamini. Habari hii imo katika Sahih al-Bukhari, na mlango iliyomo ni wa mambo ya ujira. Pia katika Sahih Muslim imo habari ya watu wa Madina waliokuwa wakipandisha mbelewele za mitende, ambapo Mtume (s.a.w.) aliwaeleza kuwa wao ni wajuzi zaidi wa mambo yao ya kidunia.

Basi namna ya kupanga bidhaa, kuweka hesabu, kumsikiliza mteja na kusimamia wafanyakazi ni ujuzi. Ujuzi huchukuliwa kwa yeyote aliye nao. Ila Ibn Urayqit aliajiriwa kuonyesha njia tu. Wapi pa kwenda, na kwa nini, yalikuwa yamekwisha kuamuliwa. Hivyo ndivyo inavyopasa kuvitumia vitabu hivi.

Kitabu cha kwanza: mlango wa mauziano

Wengi wetu katika Afrika Mashariki tumepita madrasa na kusoma Safinatun Najaa. Ni kitabu chenye baraka, lakini mafunzo yake ni ya ibada: tohara, swala, jeneza, zaka na yanayofuatana nayo. Hakifiki kwenye kuuza na kununua. Mwanafunzi anayeishia hapo anajua vyema sharti za udhu, na huenda hajui hata sharti moja ya kuuza. Kisha anafungua duka.

Vitabu vinavyofuata katika madhehebu ya Imam Shafi'i, kama Matn Abi Shuja' na Minhaj cha Imam an-Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria), vina sehemu nzima iitwayo Kitabul Buyu'. Humo ndimo mnaelezwa bidhaa gani haiuziki, riba inaingia wapi, mnunuzi ana khiyari gani ya kurejesha, rehani ni nini, ushirika unafungwaje, na nini hukumu ya kukodisha. Anayependa kuanza na Hadithi asome Kitabul Buyu' katika Bulughul Maram cha al-Hafidh Ibn Hajar al-Asqalani.

Si lazima ukisome peke yako. Muombe sheikh wa msikiti wako afungue darsa ya mlango huu. Kundi la wauza duka kumi wanaokaa pamoja baada ya swala ya Isha mara moja kwa wiki litaumaliza mlango huo kwa miezi michache, na maswali yao yatatoka katika biashara zao wenyewe. Imepokewa na at-Tirmidhi kwamba Umar bin al-Khattab (r.a.) alikataza asiuze katika soko lao ila aliyeifahamu dini. Hakuwa na maana kwamba kila muuzaji awe mwanachuoni. Alitaka kila mmoja azijue hukumu za kile anachokifanya.

Waliotangulia waliandika nini kuhusu biashara

Kuna dhana kwamba vitabu vya biashara ni jambo la Marekani, na kwamba wanachuoni wetu waliandika juu ya swala na saumu tu. Si kweli. Muhammad bin al-Hasan ash-Shaybani, mwanafunzi wa Abu Hanifa aliyefariki mwaka 189 Hijria, ana kitabu kiitwacho al-Kasb, juu ya kuchuma riziki.

Imam al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria, sawa na 1111) aliigawa Ihya' Ulumid Din katika vitabu 40, na cha 13 kinahusu adabu za kuchuma na kutafuta maisha. Ndani yake anaeleza kwamba mchumaji analazimika kujua mikataba sita: kuuza, riba, salam, ijara, ushirika na qirad. Baada ya hapo anaingia kwenye uadilifu, kisha ihsani, kisha namna ya mfanyabiashara kuilinda dini yake akiwa sokoni. Utaratibu huo ni mzuri sana. Anaanza na uhalali wa mkataba, akimaliza hapo anakuuliza kama mkataba huo umemdhulumu mtu, kisha anakupandisha hadi kwenye wema usiolazimishwa.

Katika mlango huo anamtaja Yunus bin Ubayd, mfanyabiashara wa nguo. Alikuwa na nguo za dirhamu 400 na nyingine za dirhamu 200. Alipokwenda kuswali alimwacha mtoto wa ndugu yake dukani, naye akamuuzia bedui nguo ya 200 kwa 400. Bedui aliridhika, akaondoka nayo. Yunus alipokutana naye njiani aliitambua nguo, akamuuliza bei, kisha akamrudisha dukani. Bedui alimwambia kwamba kwao nguo hiyo inauzwa 500 na yeye ameridhika. Yunus hakukubali. Alimrejeshea dirhamu 200 na akamkaripia yule kijana. Wauzaji wa leo wanaowapima wageni kwa lafudhi zao kabla ya kutaja bei wakisome kisa hiki mara mbili.

Mwengine ni Abul Fadhl Ja'far ad-Dimashqi, aliyeandika kitabu kiitwacho al-Ishara ila Mahasin at-Tijara. Huyu aliandika kama mtu wa sokoni. Anawagawa wafanyabiashara katika aina tatu: anayenunua wakati bidhaa ni nyingi na kuihifadhi hadi itakapoadimika, anayesafiri na bidhaa baina ya miji, na anayekaa mahali pake na kutuma bidhaa kwa mawakala. (Yule wa kwanza ajihadhari na ihtikari, yaani kuficha chakula cha watu ili bei ipande, kwani Mtume (s.a.w.) ameikataza katika Hadithi iliyopokewa na Muslim.)

Kuhusu kuhifadhi mali, ad-Dimashqi anatoa nasaha ambazo ukiziondolea jina lake utadhani zimeandikwa mwaka jana: usitumie zaidi ya unachopata, hata usitumie sawasawa na unachopata, bali kiasi kibaki, usinyooshe mkono kwenye biashara usiyoiweza, usitie fedha kwenye bidhaa inayokaa bila kutoka, na uwe mwepesi wa kuuza bidhaa, mzito wa kuuza shamba na nyumba. Watu wanalipia semina kuyasikia haya.

Vitabu vya kisasa vyenye manufaa

Tunataja vichache tu. Asomaye vitabu vitatu na kuvifanyia kazi amemshinda aliyepakua mia.

*The E-Myth Revisited* cha Michael Gerber (1995). Kinamhusu mwanamke aitwaye Sarah, fundi hodari wa kuoka mikate ya matunda, ambaye alifungua duka kwa sababu alijua kuoka, kisha duka likamchosha hadi akaichukia kazi aliyoipenda. Fundisho lake ni kwamba kujua kazi ni jambo moja, na kuendesha biashara ya kazi hiyo ni jambo jingine. Fundi cherehani, mpishi wa maandazi na fundi simu wote watajiona humo. Gerber anasisitiza kuandika utaratibu wa kila kazi ili biashara isitegemee kichwa cha mtu mmoja. Muislamu anayesoma hapo akumbuke Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inayoamrisha kuandika deni la muda maalumu na kuweka mashahidi. Tuna amri ya kuandika, na bado maduka yetu mengi yanaendeshwa kwa kukumbuka.

*Profit First* cha Mike Michalowicz (2014). Kinafundisha kugawa mapato mara tu yanapoingia: fungu la faida, la mwenye biashara, la kodi na la matumizi. Kila fungu linakaa mbali na jingine. Dawa hii inawafaa wale wanaochota ada ya mtoto kwenye droo ya duka na mwisho wa mwezi hawajui kama wamepata au wamekula mtaji. Sisi tunashauri kuongeza fungu moja ambalo mwandishi hakulitaja: la zaka. Mali ya biashara ikifikia nisabu (thamani ya gramu 85 za dhahabu kwa kauli mashuhuri) na ikapitiwa na mwaka wa Hijria, unahesabu bidhaa iliyopo kwa bei yake ya soko siku hiyo, pamoja na fedha taslimu na madeni unayotarajia kulipwa, unatoa asilimia 2.5. Asiye na daftari hawezi kuitoa zaka yake sawasawa. Hapa elimu ya hesabu imekuwa mlango wa ibada.

*I Can, I Must, I Will* cha marehemu Reginald Mengi (2018). Mwandishi hakuwa Muislamu, na tunamtaja kwa sababu alifanya biashara katika nchi hizi, chini ya sheria na matatizo tunayoyajua. Alikuwa mhasibu, akaanza kwa kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake wakati kalamu zilipokuwa adimu nchini Tanzania. Msomaji wa Dodoma au Mombasa atafaidika zaidi na habari ya kalamu hizo kuliko na habari za kampuni za California.

*The Lean Startup* cha Eric Ries (2011). Wazo lake ni kujaribu kwa udogo kabla ya kumwaga mtaji: uza kidogo, tazama wateja wanasemaje, rekebisha, endelea. Ni nasaha nzuri kwa mwenye mtaji mdogo. Lakini ndani yake kuna mfano unaohitaji kusimamishwa, na tutausimamisha hapa kwa urefu kwa kuwa vijana wetu wengi wanaufanya kila siku bila kujua hukumu yake.

Kuuza usichonacho

Ries anamtaja mwanzilishi wa duka la viatu la mtandaoni la Zappos, Nick Swinmurn. Alitaka kujua kama watu watanunua viatu kwenye intaneti. Alikwenda kwenye maduka ya viatu ya jirani, akaomba kupiga picha bidhaa zao na kuziweka mtandaoni. Mteja akinunua, yeye anarudi dukani, ananunua jozi ile na kumpelekea.

Sasa tazama kundi lolote la WhatsApp au ukurasa wa Instagram wa vijana wetu. Picha za magauni, simu na vyombo zimepigwa katika maduka ya Kariakoo au Eastleigh, au zimechukuliwa kwenye kurasa za wauzaji wa China. Mteja analipa, kisha muuzaji ndiyo anakwenda kutafuta bidhaa.

Hakim bin Hizam (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya jambo linalofanana na hili: mtu anamjia akitaka bidhaa ambayo hana, naye anamuuzia, kisha anakwenda kumnunulia sokoni. Mtume (s.a.w.) alimkataza kuuza asichokuwa nacho. Hadithi imepokewa na Abu Dawud, at-Tirmidhi na wengineo. Hekima yake inaonekana wazi: huenda bidhaa imekwisha, au bei imepanda, na fedha ya mteja imeshatumika. Magomvi mengi ya biashara za mtandaoni yanaanzia hapo.

Je, kijana huyo aache? La. Sheria imemfungulia njia tatu, achague inayomfaa:

1. Awe dalali au wakala. Amwambie mteja wazi kwamba bidhaa si yake, atamnunulia kwa ujira maalumu. Au akubaliane na mwenye duka amlipe kamisheni inayojulikana kwa kila anachokiuza kwa niaba yake.

2. Apokee oda kama ahadi, si kama mauzo. Mteja aseme anataka. Muuzaji anunue bidhaa kwanza na iingie mikononi mwake, kisha ndipo wafunge mauzo. Kabla ya hapo kila mmoja ana hiari ya kuendelea au kuacha.

3. Afunge mkataba wa salam. Mteja analipa bei yote papo hapo kwa bidhaa iliyoelezwa sifa na kiasi chake, itakayoletwa tarehe inayojulikana. Mtume (s.a.w.) aliwakuta watu wa Madina wakilipa mapema kwa ajili ya tende, akawawekea sharti la kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana, kama ilivyo katika al-Bukhari na Muslim. Salam inakuwa katika kitu kinachoelezeka na kupatikana mfano wake. Haiwi katika kitu kimoja mahususi, kama gari fulani la mtu fulani.

Ona basi: kitabu cha ujuzi kimetoa wazo zuri, na mlango wa mauziano umeonyesha namna ya kulitekeleza kwa halali. Aliyesoma kimoja tu amekosa nusu.

Vitabu vya kusoma kwa tahadhari

*Rich Dad Poor Dad* cha Robert Kiyosaki (1997). Hiki ndicho kinachosambaa zaidi miongoni mwa vijana. Kina faida: kinamfundisha msomaji kutofautisha kinachomwingizia fedha na kinachomtoa fedha, na kinamzuia kununua gari la kifahari kabla ya kuwa na chanzo cha kipato. Lakini mwandishi haoni tatizo katika mkopo wa riba. Anasimulia, kwa mfano, namna alivyokopa dola 2,000 kwa rafiki kwa siku 90 na kulirejesha deni pamoja na nyongeza ya dola 200, ili anunue nyumba. Msomaji asiye na elimu atapita hapo akistaajabia ujanja. Mwenye elimu ataona riba iliyo wazi. Allah (s.w.t.) katika Suratul Baqara, Aya ya 275 hadi 279, amehalalisha biashara na kuharamisha riba, na akawatangazia vita wasioiacha. Katika Sahih Muslim, Jabir (r.a.) anasimulia kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani mla riba, mwenye kuitoa, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, na kwamba wote ni sawa.

*The Richest Man in Babylon* cha George Clason (1926). Nasaha yake kuu, kuweka akiba sehemu moja ya kumi ya kila unachopata, ni njema na rahisi. Lakini mhusika wake mkuu, Arkad, anaikuza akiba hiyo kwa kumkopesha mtengeneza ngao na kupokea malipo ya nyongeza kila baada ya miezi kadhaa. Chukua akiba, acha ukopeshaji huo.

*Think and Grow Rich* cha Napoleon Hill (1937). Hapa tahadhari ni ya itikadi. Mwandishi anamtaka msomaji aandike kiasi cha fedha anachotaka, akisome kwa sauti usiku na asubuhi huku akiamini ameshakipata. Anasimulia pia vikao vya usiku alivyovifanya katika dhana yake na watu mashuhuri tisa, wengi wao wakiwa wamekwisha kufa, akiwaomba ushauri. Kuwa na lengo na kulidumu ni jambo jema. Ama kuamini kwamba fikra yenyewe ndiyo inayoivuta riziki, hilo halitufai. Mruzuku ni Allah. Sisi tunafanya sababu, tunaswali istikhara, tunashauriana na walio hai, kisha tunategemea. Asiyeimara katika tauhidi asianze na kitabu hiki.

Mtaji utatoka wapi bila riba?

Vitabu vingi vya Magharibi vinakupeleka benki kukopa. Ndiyo maana msomaji anahitaji kujua mlango wa qirad, au mudharaba: mmoja anatoa mtaji, mwengine anatoa kazi, faida wanagawana kwa uwiano waliokubaliana.

Katika Muwatta' ya Imam Malik kuna kisa cha watoto wawili wa Umar (r.a.), Abdullah na Ubaydullah. Walipokuwa Iraq, Abu Musa al-Ash'ari aliwapa fedha za hazina wazipeleke Madina, akawaruhusu wanunulie bidhaa za huko, warejeshe mtaji na wabaki na faida. Umar alihoji kama jeshi zima lilipewa nafasi hiyo. Alipoambiwa la, alitaka mtaji na faida yote virudi. Ubaydullah akajitetea kwamba kama mali ingepotea, wao ndio wangeilipa. Mtu mmoja katika kikao akashauri ihesabiwe kuwa qirad, na Umar akachukua mtaji na nusu ya faida.

Hoja ya Ubaydullah ndiyo ufunguo wa mlango huu: nani anabeba hasara? Katika familia zetu ni jambo la kawaida shangazi kumpa kijana shilingi milioni moja na kumwambia, "Wewe niletee elfu hamsini kila mwezi, na milioni yangu ibaki palepale." Shangazi anadhani anamsaidia, na kijana anashukuru. Lakini fedha iliyodhaminiwa kurudi yote pamoja na nyongeza maalumu ni mkopo wenye riba, hata kama hakuna benki ndani yake. Kuurekebisha si vigumu. Wakubaliane kwamba shangazi atapata, kwa mfano, asilimia 40 ya faida itakayopatikana. Pasipopatikana faida hapati kitu. Ikija hasara bila ya uzembe wala khiyana ya kijana, inaangukia mtaji wa shangazi, naye kijana amepoteza jasho lake. Waandike, wapate mashahidi. Kama shangazi hawezi kuvumilia hasara, basi amkopeshe bila nyongeza, na thawabu zake ziko kwa Allah.

Kwa anayetaka kuelewa namna benki za Kiislamu zinavyofanya murabaha, ijara na ushirika, kitabu cha Mufti Taqi Usmani wa Pakistan, *An Introduction to Islamic Finance* (1998), kimeandikwa kwa lugha nyepesi na kinasema wazi pale ambapo benki hizo zinapungukiwa. Ni muhimu kukisoma kabla ya kutia saini. Tanzania ilipata benki yake ya kwanza kamili ya Kiislamu mwaka 2011, na Kenya ilitangulia miaka michache kabla yake. Lakini jina la Kiislamu kwenye bango halikuondolei wajibu wa kuusoma mkataba na kuuliza.

Tahadhari juu ya nakala za bure

Vitabu vingi tulivyovitaja vinazunguka bure kwenye makundi ya simu kama mafaili ya PDF yaliyonakiliwa bila idhini. Majma' ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwaka 1988 (azimio namba 43), iliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni mali inayolindwa na sheria, haifai kuzivunja. Haipendezi mtu aanze kutafuta riziki ya halali kwa mali ya mwenziwe asiyoitolea ruhusa. Azima kwa rafiki, tumia maktaba, nunua kilichotumika, au changeni watu watano mnunue nakala moja na kupokezana. Vile vitabu vya wanachuoni waliotangulia, kama Ihya' na al-Ishara, matini zake ni za umma.

Utaratibu tunaoupendekeza

Kwa anayeanza leo: kwanza, hudhuria darsa ya Kitabul Buyu', angalau milango ya sharti za kuuza, riba, khiyari, salam, ushirika na qirad. Pili, soma cha 13 katika Ihya', au muombe mwalimu akusomeshe. Tatu, soma kitabu kimoja cha kuendesha biashara na kimoja cha hesabu, kama cha Gerber na cha Michalowicz. Ndipo ufikirie vile vya tahadhari, ukiona haja. Asiyesoma Kiingereza hajapitwa na kheri kubwa: hatua mbili za mwanzo hazihitaji Kiingereza, na daftari la mapato na matumizi linaandikwa kwa Kiswahili.

Na kila unapokutana na ushauri wa biashara, kitabuni au kwa mtu, uulize maswali manne. Mkataba huu unaitwaje katika fiqhi? Kinachouzwa ni changu na kimo mikononi mwangu? Hasara ikija itambebesha nani? Na mwenzangu angejua ninachokijua mimi, angeridhika? Swali la mwisho ndilo lililomrudisha yule bedui dukani kwa Yunus.

Mtume (s.a.w.) ametufahamisha, katika Hadithi ya Hakim bin Hizam iliyoko katika al-Bukhari na Muslim, kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika mauziano yao, na wakificha na kusema uongo, baraka hufutwa. Hakuna kitabu cha biashara kinachoweza kukupa baraka iliyofutwa.

Tunamuomba Allah atupe riziki ya halali iliyo pana, atukinge na riba na vumbi lake, na awafungulie vijana wetu milango ya kheri. Wallahu a'lam.